Kabaka Yekka: Maneno Mawili Ubaoni

Somo la Uraia. Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Malindi, Wilaya ya Lushoto

Somo hili ni lenu, wazee wetu, akina mama, na ndugu zetu vijana mlioketi darasani huko Malindi. Nasema Malindi ya milimani, Malindi ya Usambara, wala si ile ya pwani ya Kenya. Natumaini madaftari yako wazi na kalamu zimechongwa. Sasa mwalimu na aandike ubaoni maneno haya mawili, nanyi myasome pamoja naye kwa sauti: Kabaka Yekka.

Maneno hayo si ya Kiswahili. Ni ya Kiganda, lugha ya watu wa Buganda. Kabaka ndilo jina la cheo cha mfalme wao. Yekka maana yake "peke yake". Ukiyaweka pamoja yasema, "Mfalme peke yake", au kama tungesema sisi, "Mfalme tu, hapana mwingine."

Maneno hayo yalikuwa jina la chama cha siasa. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1961. Mwaka 1962 kilishinda uchaguzi kwa kishindo. Ilipofika mwaka 1966 kilikuwa kimekwisha, jumba la mfalme lilikuwa limeshambuliwa kwa bunduki, na mfalme mwenyewe alikuwa ameikimbia nchi yake. Ni miaka mitano tu.

Basi swali letu la leo ni hili: Chama cha watu waliompenda sana mfalme wao kiliwezaje kumpotezea kiti chake? Swali hili si la Waganda tu. Lamfaa kila mtu anayejifunza kusoma, maana mtu huyo atapewa karatasi ya kura, na juu yake atakuta maneno machache. Kuyatamka maneno hayo ni kazi ya siku moja. Kujua yamebeba nini ndani yake ni kazi kubwa zaidi.

TUANZIE NYUMBANI

Ninyi watu wa Usambara hamhitaji kufundishwa mfalme ni nini. Mmesimuliwa habari za Mbega, yule mwindaji aliyetoka Unguu. Yasemekana aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa enzi. Uzao wake ndio Wakilindi, na mji wao mkuu ulikuwa Vuga. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala. La kwanza ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mtawala aliyetulia kitini aliiponya nchi: mvua ikanyesha, mahindi yakakomaa. Lakini wakubwa wakianza kushindana, nguvu kwa nguvu, nchi iliharibika.

Na kweli iliharibika. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watu wa ukoo wake waligombea enzi. Upande mmoja alikuwako mjukuu wake Shekulwavu, huko Vuga. Upande wa pili alikuwako mwanawe Semboja, huko Mazinde, chini tambarare. Vita vikawaka. Watu wengi wasio na hatia walikamatwa, wakauzwa utumwani, na bei yao ikanunua bunduki na baruti. Ugomvi ulikuwa wa watoto wa mfalme, lakini waliolipa ni wakulima.

Shikeni maneno hayo mawili, kuponya na kuharibu. Yatatusaidia tutakapofika Buganda.

MFALME NA WATU WAKE

Twende sasa Uganda. Angalieni kwanza majina mawili yanayofanana. Uganda ni nchi nzima. Buganda ni sehemu moja ya nchi hiyo, upande wa kaskazini na magharibi wa Ziwa Viktoria. Mji wa Kampala umo Buganda. Wenyeji wa Buganda huitwa Waganda. Yako na makabila mengine mengi katika Uganda: Wanyoro, Watoro, Wanyankole, Wasoga, Walango, Waacholi na wengineo. Baadhi yao walikuwa na wafalme, na wengine hawakuwa nao.

Kabaka alitawala pamoja na baraza kubwa liitwalo Lukiiko, na waziri wake mkuu huitwa Katikkiro. Lakini nguvu yake haikutoka katika baraza wala katika askari tu. Ilitoka katika koo. Kwa desturi ya Waganda, watoto wa watu wengine huhesabiwa katika ukoo wa baba. Mtoto wa mfalme alihesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo ukoo wowote uliomwoza binti kwa mfalme uliweza siku moja kumzaa mfalme. Mkulima wa migomba, aliye mbali kabisa na jumba la Mengo, aliweza kusema, "Yule ni wetu." Ndiyo maana Mganda akitukaniwa Kabaka wake aliona ametukanwa yeye na jamaa zake wote.

Waingereza walipokuja walifanya mkataba na Buganda mwaka 1900. Kabaka, Lukiiko na machifu wakabaki, chini ya ulinzi wa Uingereza. Machifu na wakubwa wengine wakapewa mashamba makubwa yaliyopimwa kwa maili za mraba. Ardhi hiyo mpaka leo huitwa mailo. Mkulima mdogo aliyelima juu yake akawa mpangaji. Likumbukeni jambo hili, kwa maana waliosema "Mfalme peke yake" hawakuwa wote na haja moja. Mkulima alilia heshima yake. Mkubwa alilinda heshima, na tena alilinda mashamba na cheo.

MFALME ACHUKULIWA

Mwaka 1953 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alisema katika hotuba huko London kwamba huenda siku moja nchi za Afrika Mashariki zikaunganishwa kuwa shirikisho. Waganda waliposikia waliingiwa na hofu. Waliwaza habari za Kenya, jinsi walowezi wa Kizungu walivyotwaa ardhi na walivyokuwa na sauti kubwa serikalini. Wakasema, "Tukiunganishwa nao, sisi tutakuwa nini?"

Kabaka wakati huo alikuwa Mutesa wa Pili, kijana wa miaka 29. Alidai Buganda itoke mikononi mwa Wizara ya Makoloni, na iwekewe tarehe ya uhuru wake. Gavana, Sir Andrew Cohen, alimtaka akubali siasa ya serikali. Kabaka akakataa. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana akamtia katika ndege, akampeleka Uingereza.

Buganda iliomboleza kama nyumba iliyofiwa. Kabla ya hapo wako waliomnung'unikia Mutesa kwa hili na lile. Baada ya hapo manung'uniko yakakoma. Gavana alidhani amemshusha mfalme, kumbe amempandisha. Kwa miaka karibu miwili watu walidai arudishwe, na tarehe 17 Oktoba 1955 akarudi. Makundi ya watu yalijaa barabarani kumlaki.

Tusipokumbuka siku hizo, tutawaona watu wa Kabaka Yekka kuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikwisha ona kwa macho yao kwamba mgeni anaweza kuja asubuhi akamchukua mfalme wao. Hofu yao ilikuwa na sababu.

CHAMA KINAZALIWA

Miaka ya uhuru ilikaribia. Vyama vya siasa vikaundwa. Cha kwanza cha kukumbuka ni Democratic Party, yaani Chama cha Kidemokrasia, kilichoanzishwa mwaka 1954. Wakatoliki wengi walikiunga mkono, na kiongozi wake alikuwa Benedicto Kiwanuka, mwanasheria, naye ni Mganda. Cha pili ni Uganda People's Congress, kilichoundwa mwaka 1960 chini ya Milton Obote, Mlango wa kaskazini. Ili tusichoke, cha kwanza tukiite DP, na cha pili UPC, kama watu wa huko walivyoviita.

Wakubwa wa Mengo hawakuvipenda vyama vyote viwili. Waliuliza, "Uingereza ikiondoka, nani atakuwa juu? Kabaka, au mtu aliyeshinda kura?" Mwishoni mwa mwaka 1960 Lukiiko ilitangaza kwamba Buganda ni nchi huru. Hakuna aliyeitambua. Mwezi Machi 1961 ukafanyika uchaguzi wa Uganda nzima, na Lukiiko ikawaambia Waganda wasipige kura. Wengi sana wakatii. Wachache waliopiga kura walikuwa watu wa DP, na kwa kura hizo chache DP ikapata karibu viti vyote vya Buganda. Ndipo Kiwanuka akawa mkuu wa serikali ya Uganda.

Sasa fikirini hasira iliyokuwako Mengo. Raia, mtu wa Kabaka, amekaa juu ya Kabaka! Wengi walisema hilo haliwezekani. Tena mambo ya dini yakaingia, kwa kuwa wakubwa wengi wa Mengo walikuwa Waprotestanti. Basi katikati ya mwaka 1961 kikaanzishwa chama kipya cha kumwangusha Kiwanuka. Mmoja wa waanzilishi wake ni Masembe-Kabali. Jina la chama ndilo lile lililoko ubaoni: Kabaka Yekka.

Tazameni jinsi jina hilo lilivyokuwa na nguvu. Halikuhitaji maelezo. Ambaye hakupata kusoma hata siku moja alilielewa. Aliyeulizwa, "Wewe u wa Kabaka au si wa Kabaka?" angejibu nini? Kumpinga mgombea wa chama hicho kulikuwa sawasawa na kumkataa mfalme mbele ya majirani.

Lakini tazameni pia kisichokuwamo katika maneno hayo mawili. Hayasemi bei ya kahawa itakuwa nini. Hayasemi mpangaji wa ardhi ya mailo atalindwa namna gani. Hayasemi shule ngapi zitajengwa. Na jambo kubwa zaidi, hayasemi Waganda watakaaje na jirani zao wasio na Kabaka. Mnyoro, Mlango au Mwacholi akiyasoma maneno hayo, yeye yumo wapi? Hayumo.

HESABU YA KURA

Kilichofuata kilishangaza watu. Kabaka Yekka na UPC wakapatana. Obote alitaka serikali, na hakuweza kuipata bila viti vya Buganda. Mengo walitaka Kiwanuka aondoke, na hawakuweza kumwondoa bila watu wa nje ya Buganda. Obote alitaka Uganda iwe moja, na Mengo walitaka Buganda ibaki peke yake. Nia zao zilikuwa mbalimbali kabisa, lakini walikuwa na mpinzani mmoja, nao wakaona hilo latosha.

Katika mkutano wa katiba huko London mwaka 1961, Buganda ilipewa ruhusa kuwachagua wabunge wake kwa njia ya Lukiiko, badala ya kila raia kuwapigia kura mwenyewe. Mwezi Februari 1962 Waganda wakachagua wajumbe wa Lukiiko. Viti vilikuwa 68. Kabaka Yekka ilipata 65. DP ilipata 3. Kisha Lukiiko hiyo ikachagua wabunge 21 kwenda Bunge la Uganda, na wote wakawa wa Kabaka Yekka.

Mwezi Aprili yakaja matokeo ya nchi nzima. Yaandikeni daftarini: UPC viti 37, DP viti 24, Kabaka Yekka viti 21. Jumlisheni 37 na 21. Mmepata ngapi? Ni 58. Jumla ya viti hivyo vyote ni 82. Basi wale wawili wakafanya serikali, Obote akawa Waziri Mkuu, na tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ikapata uhuru. Kiwanuka, aliyekuwa mkuu wa serikali miezi michache kabla, hakupata hata kiti bungeni.

Siku hiyo watu wa Kabaka Yekka walifurahi. Walikuwa wameshinda. Lakini jihadharini na ushindi wa namna hii. Aliye na viti 37 anamhitaji mwenye 21 leo. Kesho akiwavuta wabunge wengine upande wake, hamhitaji tena. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka baada ya mwaka, wabunge wa DP na hata wengine wa Kabaka Yekka walihamia UPC. Mwezi Agosti 1964 Obote akayavunja mapatano.

KICHWA KIMOJA, KOFIA MBILI

Tarehe 9 Oktoba 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, Mutesa akawa Rais wa Uganda. Urais huo ulikuwa wa heshima tu. Mamlaka ya kazi yalikuwa kwa Waziri Mkuu. Hata hivyo wengi waliona ni jambo jema. Mfalme wa Buganda amekuwa baba wa Uganda nzima. Je, lingeshindikana nini?

Lilishindikana jambo moja la ardhi. Katika miaka ya 1890 Waingereza walipigana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Waganda waliwasaidia. Baada ya vita, sehemu za nchi ya Bunyoro zikatiwa katika Buganda. Wanyoro hawakusahau. Walizidai miaka yote. Katiba ya uhuru ikaagiza kwamba wenyeji wa wilaya mbili, Buyaga na Bugangaizi, waulizwe kwa kura wanataka kuwa upande gani.

Kura ilipigwa tarehe 4 Novemba 1964. Wilaya zote mbili zilichagua kurudi Bunyoro. Ikabaki Rais kutia sahihi.

Sasa jiwekeni mahali pake. Huyu ni Rais wa Uganda. Wanyoro ni watu wake, nao wamepiga kura kwa sheria. Yampasa atie sahihi. Lakini huyohuyo ni Kabaka, na tena ni Kabaka ambaye jina la cheo chake limekuwa jina la chama. Kabaka gani atatia sahihi kuikata Buganda? Mutesa alikataa, na Waziri Mkuu akatia sahihi badala yake. Huko Mengo ghadhabu ikamwangukia Katikkiro, Michael Kintu, naye akajiuzulu.

Siku ile Wanyoro walijua kwamba Rais hakuwa wao. Waganda nao walijua kwamba kuwa na mfalme Ikulu hakukuwazuilia hasara. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mutesa zilikuja kumponyoka zote mbili.

MWAKA 1966

Mwezi Februari 1966 mbunge wa Kabaka Yekka, Daudi Ocheng, alisimama bungeni. Ocheng hakuwa Mganda. Alikuwa Mwacholi wa kaskazini, na rafiki wa Mutesa. Alimshtaki mkuu mmoja wa jeshi, Kanali Idi Amin, katika habari za dhahabu iliyotoka Kongo, akataka uchunguzi ufanywe. Bunge likakubali. Obote aliona ametegewa mtego. Tarehe 22 Februari aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa mkutanoni. Kisha akaisimamisha katiba na kumwondoa Mutesa katika urais.

Tarehe 15 Aprili katiba mpya ililetwa bungeni, na askari walikuwa wamelizunguka Bunge. Wabunge waliipitisha kabla ya kuisoma. Waliambiwa nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Sikilizeni vizuri, ninyi mnaojifunza kusoma usiku baada ya kazi za shamba: hao walikuwa wasomi, tena watunga sheria wa nchi nzima, nao waliikubali katiba ambayo hawajaisoma. Kujua kusoma hakutoshi ikiwa mtu hapewi nafasi ya kusoma, au hana ushupavu wa kuidai.

Mwezi Mei Lukiiko ikapitisha azimio kwamba Serikali ya Uganda iondoke katika ardhi ya Buganda. Lakini mji mkuu umo Buganda! Serikali iende wapi? Tarehe 24 Mei 1966 jeshi, likiongozwa na Amin, likalishambulia jumba la Kabaka pale Mengo. Watu wengi walikufa. Mutesa aliruka ukuta, akapenya, akafika Burundi, na kutoka huko akaenda Uingereza. Alifariki London mwezi Novemba 1969, mbali na watu wake. Mwaka 1967 katiba nyingine iliufuta ufalme wa Buganda na falme nyingine zote za Uganda, hata zile ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu.

Obote naye hakudumu. Baada ya kumwondoa mfalme, naye alitaka chama chake kiwe peke yake. Mwaka 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Mwaka 1971 jeshi lile lile alilolituma Mengo likamwondoa yeye, na Amin akakaa kitini. Benedicto Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda alipokamatwa mwaka 1972, naye akauawa. Kwa maneno ya wazee wetu wa Kishambaa: ilikuwa nguvu kwa nguvu, na nchi ikaharibika.

NCHI NYINGINE YENYE MFALME

Msidhani mambo haya ni ya Afrika tu. Mbali sana, Asia ya kusini-mashariki, iko nchi ya Kambodia. Watu wake wengi hufuata dini ya Buddha. Mfalme wao, Norodom Sihanouk, alisimama mbele kudai uhuru kwa Wafaransa, na mwaka 1953 Kambodia ikawa huru. Watu walimpenda mno.

Mwaka 1955 Sihanouk alifanya jambo la ajabu. Aliacha kiti cha enzi, akampa baba yake, ili yeye mwenyewe apate kuongoza chama. Katika uchaguzi wa mwaka huo chama chake kilichukua viti vyote 91. Hapakubaki hata kiti kimoja cha mpinzani. Nani angempinga mtu ambaye jana alikuwa mfalme? Lakini waliokosa pa kusemea hawakunyamaza moyoni. Wengine waliingia msituni. Mwaka 1970 Sihanouk aliangushwa akiwa safarini nje ya nchi, na Kambodia ikaingia katika vita na mauaji makubwa mno.

Mwaka 1981, akiwa uhamishoni, Sihanouk aliunda chama kingine kiitwacho FUNCINPEC. Mwaka 1993 chama hicho, kikiongozwa na mwanawe Ranariddh, kilipata viti vingi kuliko vingine, 58 kati ya 120. Mwezi Septemba ufalme ukarudishwa. Miaka minne baadaye Ranariddh aliondolewa madarakani kwa mapigano. Baba yake alibaki mfalme. Mwanasiasa aliangushwa, kiti cha enzi, kwa kuwa safari hii hakikuwa ndani ya chama, hakikuanguka pamoja naye.

Mwaka huohuo wa 1993, mwezi Julai, Buganda nayo ilirudishiwa Kabaka. Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, mwana wa Mutesa, alitawazwa. Na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ikaweka sharti: mtu akiwa kiongozi wa jadi haruhusiwi kuingia katika siasa za vyama. Sharti hilo lina watu wanaolinung'unikia. Lakini mkilisoma baada ya kusikia habari za leo, mtajua lilitoka wapi.

NA SISI JE?

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Tanganyika ilikuwa na makabila zaidi ya 120, na hapakuwa na moja lenye ukubwa na mali ya kuitikisa nchi nzima kama Buganda ilivyoitikisa Uganda. Katika milima yenu machifu walikwisha poteza mengi kabla ya uhuru. Kumbukeni mambo ya matuta katika bonde la Mlalo, baada ya mwaka 1946. Serikali ya kikoloni ilitoa amri watu walime matuta, na machifu ndio waliotakiwa kuisimamia. Watu waliyachukia matuta, na chuki hiyo ikawaangukia machifu. Chifu alibebeshwa mzigo usio wake, na heshima yake ikapungua.

Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu katika Tanganyika. Waliotaka siasa waliingia kama raia wengine. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alikuwa Spika wa Bunge. Walipokaa bungeni walikuwa na kura moja moja, kama mwana wa mkulima.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Sisi nasi tulipata kuwa na chama kimoja tu kwa sheria, toka mwaka 1965 hata 1992. Nchi haikuwa na mfalme, lakini neno la pili bado lilikuwako: peke yake.

Rudini sasa ubaoni. Mwalimu na apige mstari chini ya neno la pili. Waganda hawakukosea kumpenda Kabaka wao. Hata leo watu wanaweza kumpenda mfalme wao, kumlilia akifa, na kumwimbia akitawazwa, na nchi isipate dhara. Hatari haikuwa katika neno Kabaka. Ilikuwa katika neno Yekka. Mfalme wa wote, akitiwa katika chama, huwa wa waliokipigia kura tu. Na chama, kwa kuwa ni chama, iko siku kitashindwa. Wanaokipenda kiti wakitie mbali na sanduku la kura. Na wanaokwenda kwenye sanduku la kura waulize kila jina, hata liwe tamu namna gani: "Ndani yako mna nini kwa ajili yangu, na jirani yangu yumo?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Andika kwa Kiswahili maana ya Kabaka Yekka.

2. UPC ilipata viti 37, Kabaka Yekka 21, na DP 24. Je, UPC na DP wangepatana, wangekuwa na viti vingapi?

3. Kama wewe ungekuwa Mutesa mwezi Novemba 1964, ungetia sahihi? Toa sababu, na umsikilize mwenzako mwenye jibu jingine.

4. Waulize wazee wa Malindi waliokusikia ukisoma somo hili: katika habari wanazozijua, ni nani aliyeiponya nchi, na ni nani aliyeiharibu? Majibu yao uyaandike daftarini kwa mkono wako mwenyewe.